Miguu Ikijaa, Usikimbilie Kuyalaumu Maji ya Kunywa

Kati ya Desemba na Machi, kaskazi likivuma na joto la Tanga likiwa limekaza, kiatu kilichoingia vizuri asubuhi huanza kubana alasiri. Soksi huacha mstari mguuni, pete hugoma kutoka kidoleni, na mama lishe aliyesimama jikoni tangu alfajiri hufika jioni vifundo vya miguu vimejaa. Wengi wana jibu tayari: maji yamezidi. Basi hupunguza kunywa, au hupita duka la dawa kuomba vidonge vya kukojoza. Hatua ya kwanza haigusi chanzo. Ya pili yaweza kuleta madhara kuliko uvimbe wenyewe.

Kwa mtu mwenye figo na moyo mzima, maji ya kunywa hayakai mwilini kwa sababu tu yamenywewa. Kiasi cha maji ambayo mwili utayashika huamuliwa zaidi na chumvi. Yatakusanyika wapi, huamuliwa na msukumo ndani ya mishipa midogo ya damu, protini iliyomo kwenye damu, na mirija ya limfu inayoyarudisha. Ukimwona mtu kavimba, swali la kuuliza ni lipi kati ya hayo limeharibika.

Lita 42 na mahali zilipo

Mwanamume wa kilo 70 amebeba maji yapatayo lita 42. Mwanamke wa uzito huohuo hubeba pungufu kidogo, kwa kuwa mafuta hayashiki maji kama msuli unavyoyashika. Theluthi mbili ya maji hayo, kama lita 28, yamo ndani ya seli. Lita 14 zilizobaki ziko nje ya seli: takriban 3 ni majimaji ya damu yanayozunguka kwenye mishipa, na 11 yametanda katikati ya seli, chini ya ngozi na kuzunguka misuli.

Uvimbe wa miguu unahusu hizo 11. Zikiwa 12 hakuna atakayeona kitu, ila mizani itasema, maana lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa kawaida lita 2 hadi 3 huwa zimeshaongezeka kabla kidole hakijaacha shimo kwenye ngozi ya mgonjwa aliyevimba mwili mzima. Kwa sababu hiyo madaktari wa moyo huwasisitizia wagonjwa wao kupima uzito kila siku: mizani huwahi kuliko macho.

Nje ya seli chumvi kuu ni sodiamu, ndani ni potasiamu, na kila seli ina pampu inayotoa sodiamu na kuingiza potasiamu usiku na mchana. Maji yenyewe hayapigwi pampu, huifuata chumvi. Anayetengeneza achari ya embe ameshaliona jambo hili kwa macho yake. Vipande vya embe mbichi vikinyunyiziwa chumvi na kuachwa, baada ya muda bakuli huwa na maji ambayo hakuna aliyeyamimina. Chumvi iliyo nje imeyavuta kutoka ndani ya embe.

Mwili hauvumilii sodiamu ya damu ipande au kushuka ovyo. Huishikilia kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita. Ukila chumvi na isitoke upesi, njia ya kuizuia damu isiwe kali ni kuipa chumvi hiyo maji ya kutosha kuizimua. Hesabu yake ni rahisi kwa sababu imeandikwa kwenye chupa ya dripu ya chumvi: gramu 9 kwa lita moja. Kwa hiyo kila gramu 9 za chumvi zinazobaki mwilini hubaki na takriban lita moja ya maji. Gramu 4 na nusu hubaki na nusu lita.

Figo zina kazi mbili tofauti

Watu huchanganya mambo mawili ambayo mwili huyashughulikia kwa njia mbili. La kwanza ni ukali wa damu, yaani chumvi kulinganisha na maji. La pili ni wingi wa majimaji yote yaliyo nje ya seli.

Ukali hupimwa na ubongo. Ukipanda kwa asilimia 1 au 2 tu, kiu inaanza, na ubongo unaachia homoni inayoziamuru figo zibane maji, mkojo uwe mchache na wa rangi nzito. Ukinywa maji homoni hiyo inashuka. Mtu mwenye afya akinywa lita moja ya maji matupu kwa mkupuo, mkojo huanza kuongezeka baada ya nusu saa hivi, na sehemu kubwa ya lita ile inakuwa imeshatoka baada ya saa mbili au tatu. Njia hii ni ya haraka, na ndiyo inayowafanya wanywaji maji wazuri wasivimbe.

Wingi wa majimaji unafuata njia nyingine, tena ya polepole. Figo huchuja lita zipatazo 180 kwa siku na kurudisha karibu zote, hata mkojo ukabaki lita moja hadi mbili. Zikihisi kwamba damu inayozifikia ni kidogo, hutoa kimeng'enya kiitwacho renini, ambacho mwisho wake huiamsha homoni ya aldosteroni, nayo huziambia figo zirudishe sodiamu zaidi. Maji huifuata. Damu ikizidi, vyumba vya juu vya moyo hutanuka na kutoa homoni inayofungulia sodiamu itoke kwenye mkojo. Mabadiliko haya huchukua siku tatu hadi tano kukamilika.

Hapo ndipo kilo ya Jumatatu inapoelezeka. Mtu amekwenda harusini Jumamosi na Jumapili, amekula pilau, kachumbari, achari na sambusa, kisha amepanda mizani na kukuta kilo moja imeongezeka. Kilo moja ya mafuta ya mwili inahitaji ziada ya kalori zipatazo 7,000 juu ya matumizi ya kawaida, na si rahisi kuifikia kwa siku mbili. Anachokiona ni maji yaliyoshikwa na chumvi. Akirudi kwenye chakula chake cha kila siku, kufikia Alhamisi au Ijumaa yanakuwa yameondoka yenyewe bila kidonge.

Wanga nao unashika maji. Wanga tunaoweka akiba kwenye misuli na ini huitwa glikojeni, na kila gramu yake hukaa na takriban gramu 3 za maji. Akiba hiyo kwa mtu mzima ni kama gramu 400 hadi 500. Kwa hiyo anayeacha wali, ugali na mkate kwa ghafla hupungua kilo moja hadi mbili wiki ya kwanza na kufurahi. Siku atakayorudi kwenye sahani ya wali, zinarudi. Hajanenepa wala hakuwa amekonda. Wauzaji wa vinywaji vya kupunguza mwili kwa siku saba wanaishi kwa jambo hili, na inaniuma kuona watu wa kipato kidogo wakitoa fedha kununua kitu ambacho mwili wao ungekifanya bure.

Wanawake wengi huona jambo kama hilo siku chache kabla ya hedhi: matiti kujaa, tumbo kuwa gumu, nusu kilo au zaidi juu ya mizani. Huisha ndani ya siku chache damu ikishaanza kutoka. Si ugonjwa.

Chumvi inajificha wapi mezani kwetu

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa juu, zikihesabiwa pamoja na zile zilizomo ndani ya vyakula vilivyonunuliwa vikiwa tayari. Kupima kwa kijiko kila siku kunachosha, na sijaona familia inayoendelea nako. Kuna kipimo chepesi zaidi: pakiti ya nusu kilo. Watu wazima watano kwa gramu 5 kila mmoja ni gramu 25 kwa siku, kwa hiyo pakiti ya gramu 500 haipaswi kwisha kabla ya siku 20. Kukiwa na watoto, ikae zaidi. Andika tarehe kwa kalamu siku unayoifungua. Ikiisha kwa siku 12, umeshapata jibu, na hapo bado hujahesabu mkate, vidonge vya supu na samaki mkavu.

Vidonge vya supu vinahitaji kutajwa peke yake. Karibu nusu ya uzito wa kidonge ni chumvi. Cha gramu 4 kina kama gramu 2 za chumvi. Mchuzi uliotiwa viwili na bado ukatiwa chumvi kwa mkono unaweza kuvuka kiasi kabla haujafika mezani. Ukitumia kidonge, basi chumvi ya pakiti isiingie kwenye chungu hicho.

Kwa mtu wa pwani, papa mkavu na ng'onda ndio mtihani. Ni chakula kizuri chenye protini nyingi, na sioni sababu ya kuwaambia watu wakiache. Kinachotakiwa ni kutoa chumvi vizuri. Kata vipande vidogo, kwani kipande kinene hakitoi chumvi ya katikati. Osha, kisha loweka kwenye maji mengi ya baridi kwa saa kadhaa au usiku kucha mahali penye ubaridi, ukibadilisha maji mara mbili au tatu. Wanaokosea huloweka kwa maji machache bila kuyabadilisha: chumvi ikishalingana ndani na nje, kutoka kwake kunasimama hata samaki akae humo siku nzima. Mchemshe kidogo, mwaga maji hayo, ndipo umtie kwenye nazi. Onja mchuzi kabla ya kuongeza chochote. Ndimu, tangawizi na pilipili huufanya ulimi usiitafute chumvi.

Potasiamu husaidia kwa upande wa pili, kwa kuwa huzifanya figo ziitoe sodiamu kwa wepesi. Ndizi, maharage, mchicha, viazi vitamu, parachichi na madafu vinayo kwa wingi. Tahadhari ni moja na ni nzito: mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa ya kukojoza inayobakiza potasiamu mwilini, kama spironolaktoni, hapaswi kujiongezea potasiamu bila daktari wake kujua. Figo zikishindwa kuitoa, hupanda kwenye damu na kuvuruga mapigo ya moyo.

Kusimama, kukaa na joto la pwani

Mtu anaweza kuwa na maji ya kawaida kabisa mwilini na bado miguu ikavimba. Hapa tatizo ni mahali maji yalipojikusanya.

Mishipa midogo kabisa ya damu ina kuta zinazopitisha maji. Msukumo wa damu unayasukuma nje. Protini iliyo ndani, hasa albumini inayotengenezwa na ini, inayazuia yasitoke yote. Ernest Starling wa Uingereza alilieleza hili mwaka 1896, na msingi wa maelezo yake bado unatumika. Yanayozidi kutoka hukusanywa na mirija ya limfu na kurudishwa kwenye damu karibu na shingo, lita kadhaa kila siku.

Ukisimama, uzito wa damu yote iliyo kati ya moyo na kifundo hukaa juu ya mishipa ya mguu. Kinachoupunguza ni msuli wa shavu la mguu: kila hatua unaukaza, unaibana mishipa ya ndani, na damu inapanda huku vali zikiizuia isirudi chini. Anayetembea ana pampu inayofanya kazi. Anayesimama mahali pamoja mbele ya jiko hana. Aliyekaa ndani ya basi kutoka Tanga hadi Dar es Salaam, kilomita kama 350, hana vilevile, tena magoti yamekunjwa na ukingo wa kiti unabana nyuma ya paja.

Joto linaongeza jambo lingine. Mwili unapotaka kujipoza hufungua mishipa ya ngozi, damu nyingi huteremka miguuni, na msukumo kwenye mishipa midogo hupanda. Mgeni aliyeshuka kutoka Lushoto penye baridi anaweza kuvimba vifundo siku za mwanzo mjini Tanga bila ugonjwa wowote. Katika wiki moja au mbili mwili huzoea: kiasi cha majimaji ya damu huongezeka, jasho huanza mapema na hupungua chumvi. Uvimbe wa namna hii huwa wa miguu yote miwili, hauumi, na hupungua asubuhi baada ya kulala.

Tiba yake haihitaji duka. Lala chali, inua miguu juu ya usawa wa moyo kwa dakika 20 hadi 30, mara mbili au tatu kwa siku. Kuiweka juu ya stuli ukiwa umekaa kunasaidia kidogo tu, kwa kuwa bado iko chini ya moyo. Ukiwa umekaa au umesimama, kila nusu saa nyanyua visigino mara 20. Safarini shuka basi linaposimama, hata dakika tatu. Soksi za kubana zinasaidia, ila zivaliwe asubuhi kabla uvimbe haujaanza, na zipimwe kwa mduara wa kifundo na wa shavu la mguu. Inayojikunja juu na kuwa kama kamba inazuia damu badala ya kuisaidia.

Wenye uvimbe wa aina hii hulalamika pia kwamba usiku wanaamka kukojoa mara mbili au tatu. Maji yaliyokuwa miguuni mchana yanarudi kwenye damu wakilala, na figo zinayatoa. Kuinua miguu alasiri, saa chache kabla ya kulala, huhamisha safari hizo za chooni zikaisha mapema.

Kunywa kiasi gani

Mtu mzima anayekaa kivulini huhitaji maji ya lita 2 hadi 2 na nusu kwa siku, na kama moja ya tano ya hayo huja na chakula chenyewe. Kwa mbeba mizigo bandarini au mkata mkonge juani hesabu hiyo haitoshi, maana anaweza kutoa jasho la lita moja na zaidi kwa saa. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, hivyo jasho hudondoka badala ya kukauka, na linalodondoka halipozi mwili. Mtu anapoteza maji bila kupata faida yake.

Ukitaka kujua kiwango chako, jipime uzito kabla ya kazi na baada ya saa moja, ukiwa umejifuta jasho. Tuseme umeanza na kilo 68.0, umemaliza na 67.2, na katikati umekunywa nusu lita bila kukojoa. Umetoa jasho la lita 1.3. Saa kama hiyo inataka unywe karibu lita moja, kidogo kidogo, kisha umalizie jioni. Kwa asiyepima, mkojo wa njano hafifu unatosha kuwa ishara. Ukiwa wa rangi ya chai, umechelewa.

Jasho lina chumvi pia. Anayetoa lita nne kwa siku anapoteza gramu kadhaa, na kumwambia mtu huyo aache chumvi kabisa ni kumkosea. Ushauri wa gramu 5 unamlenga zaidi yule anayeshinda ofisini au dukani. Kwa wa kazi nzito, chakula cha kawaida chenye chumvi na maji ya kutosha vinamtosheleza bila vidonge vya chumvi.

Kuna anayezidisha kwa upande wa pili. Figo haziwezi kutoa zaidi ya lita 0.8 hadi 1 kwa saa. Anayekunywa maji matupu lita tano au sita kwa saa chache, kwa kuambiwa kwamba yanasafisha mwili, anaizimua sodiamu ya damu yake. Maji huingia ndani ya seli, na seli za ubongo zikivimba ndani ya fuvu hazina pa kwenda. Kichwa kuuma, kutapika, kuchanganyikiwa na degedege ni hatua zake.

Madafu nayo yana nafasi yake. Yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, hivyo ni kinywaji kizuri cha mchana wa joto, lakini hayatoshi kwa mwenye kuharisha, ambaye anapoteza sodiamu nyingi. Huyo anahitaji pakiti ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, ndani ya lita moja kamili ya maji safi. Utumbo una mlango unaopitisha sodiamu na glukosi kwa pamoja, na maji hufuata. Mlango huo huendelea kufanya kazi hata katika kuharisha kukali, na kwa sababu hiyo sukari imewekwa humo. Pakiti isipopatikana, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Wanaopunguza maji ili dawa iwe na nguvu humpa mtoto chumvi iliyozidi, ikazidi kumkausha. Usiuchemshe mchanganyiko huo, na ukipita saa 24 umwage.

Dawa zinazovimbisha na dawa zinazokojoza

Amlodipini ni dawa nzuri ya presha inayotumiwa na watu wengi, na uvimbe wa vifundo ni dosari yake inayojulikana, hasa kwa miligramu 10 kuliko 5. Hufungua mishipa midogo inayoleta damu bila kuifungua sana ile inayoiondoa, kwa hiyo maji husukumwa nje. Mwili haujazidiwa maji, na vidonge vya kukojoza haviusaidii sana uvimbe huo. Daktari anaweza kupunguza kipimo, kubadilisha, au kuongeza dawa ya kundi jingine inayofungua mishipa ya upande wa pili, ile inayoiondoa damu. Kuiacha ghafla kwa hasira ya uvimbe ni kuirudisha presha juu.

Diklofenaki na ibuprofeni, zinazomezwa kama pipi kwa maumivu ya mgongo, huzifanya figo zishike chumvi na maji. Prednisoloni vilevile. Mwenye moyo dhaifu anaweza kuzidiwa ndani ya siku chache za vidonge vya maumivu ambavyo hakumtajia mtu yeyote.

Furosemidi ni dawa ya kukojoza yenye nguvu na inaokoa maisha ya wenye moyo ulioshindwa. Mikononi mwa mtu aliyevimba kwa kusimama, kazi yake ni kuyatoa maji ya mishipa ambayo hayakuwa yamezidi. Presha inashuka, potasiamu na sodiamu zinapotea, misuli inakaza, kichwa kinazunguka, na figo zikihisi upungufu zinaiamsha renini. Siku anapoiacha, mwili ulioamrishwa kubana chumvi unaendelea kuibana, na uvimbe unarudi mkubwa kuliko wa kwanza. Naye anasema, dawa ilikuwa inanifaa. Ndivyo mtu anavyofungwa na kidonge ambacho hakuwahi kukihitaji.

Kusoma uvimbe kwa kidole na kwa macho

Bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa ugoko, kidogo juu ya kifundo, kwa sekunde 5 bila kulegeza, kisha achia. Ikibaki shimo, hayo ni maji huru. Linganisha miguu yote miwili kwa mahali palepale. Uzito upimwe asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai, kwa nguo zilezile, mizani ikiwa juu ya sakafu ngumu, kwani juu ya mkeka au zulia inadanganya. Ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Mahali uvimbe unapoanzia panasema mengi. Miguu inayovimba jioni, pamoja na pumzi kukatika ukilala chali au kuamka usiku ukitafuta hewa, inaelekeza kwenye moyo. Uso na kope kuvimba asubuhi na mkojo wenye povu lisiloisha vinaelekeza kwenye figo zinazomwaga protini. Tumbo likitangulia, macho yakawa ya njano, ini liangaliwe. Mguu mmoja tu uliovimba ghafla, wenye joto na maumivu ya shavu la mguu, hasa baada ya safari ndefu, kujifungua au kulazwa, waweza kuwa damu iliyoganda; usiukande wala usiupige maji ya moto, nenda hospitali, na kifua kikibana ndiyo haraka zaidi. Mjamzito kuvimba vifundo ni kawaida, lakini akiwa amepita wiki 20, presha ikafika 140 kwa 90, kichwa kikauma, macho yakaona vimulimuli au maumivu yakaja chini ya mbavu za kulia, ni dalili za kuelekea kifafa cha mimba, na haina kusubiri kliniki ya wiki ijayo.

Na mtu aweza kuwa amevimba huku amekaukiwa. Mtoto mwenye kwashakoo ana albumini ndogo, maji yamejaa chini ya ngozi yake na mishipa ina upungufu. Mtoto huyo hapewi dawa ya kukojoza, na hata ORS ya kawaida haimfai. Hospitali ina mchanganyiko wake maalumu wenye sodiamu kidogo.

Matende yana kanuni yake

Katika pwani ya Tanga hatuwezi kuzungumzia uvimbe tukayaacha matende na mabusha. Minyoo midogo kama uzi, inayoenezwa na mbu, hukaa ndani ya mirija ya limfu kwa miaka, ikaitanua na kuiharibu. Maji yaliyopaswa kurudishwa yanabaki, tena pamoja na protini, na protini hiyo huyashika palepale. Mwanzoni kidole huacha shimo na mguu hupungua usiku. Baadaye ngozi hukomaa, ikawa nene, na shimo halionekani tena. Vidonge vya kukojoza havifai hapa, kwa kuwa haviwezi kuitoa protini.

Kinachouongeza mguu mwaka baada ya mwaka ni homa za ghafla zenye mguu kuwa mwekundu na kuuma, zinazoletwa na bakteria wanaoingia kupitia nyufa, mara nyingi kati ya vidole. Kila homa huharibu mirija mingine. Hivyo sabuni na maji vina uzito wa dawa. Osha mguu kila siku kwa maji safi yasiyo moto na sabuni ya kawaida, kuanzia juu kushuka chini, ukipita ndani ya kila mkunjo na kati ya kila vidole viwili. Usitumie brashi wala dodoki gumu. Suuza mpaka maji yatoke safi, kausha kwa kitambaa laini kwa kugusagusa, na kati ya vidole tumia kipande chembamba cha pamba au shashi mpaka pakauke kabisa, kwa sababu unyevu unaobaki hapo ndio unaoleta fangasi na ufa mpya. Paka dawa ya fangasi penye weupe na dawa ya kidonda penye ufa. Usiku inua upande wa miguu wa godoro kwa kuingiza mto au nguo zilizokunjwa chini yake, isipokuwa kwa mwenye ugonjwa wa moyo. Mchana zungusha vifundo na nyanyua visigino, lakini siku ya homa mguu upumzishwe, uwekwe kitambaa cha maji baridi, na mgonjwa apewe dawa ya bakteria kituoni. Busha la maji hutibiwa kwa upasuaji, na dawa za kumeza zinazogawiwa mitaani, ivermektini na albendazoli, huua vijidudu vichanga vilivyo kwenye damu ili mbu asivibebe kwenda kwa jirani. Kwa hiyo huzimeza hata yule ambaye miguu yake haijawahi kuvimba.